Dkt. Phelista Nakhungu, Msomaji wa Matope ya Bahari (1979–2025)

Marehemu Dkt. Phelista Nakhungu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kijiji cha Kwanza, mtoto wa tatu wa Mzee Wakoli na mkewe, wakulima wa mahindi. Mimi ninayewasomea ni shemeji yake, Derrick.

Alisoma shule ya msingi Kwanza, kisha sekondari mjini Kitale. Mwalimu wa jiografia aliposema mawe ya chokaa ni mabaki ya viumbe vya bahari, Phelista aliinua mkono: "Na ni nani aliwaona, mwalimu?" Alipewa adhabu ya kukata nyasi, lakini swali halikumtoka. Lilimfikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akasomea jiolojia.

Mwaka 2006 aliajiriwa na taasisi moja ya utafiti Mombasa. Kazi yake ilikuwa matope. Ndani yake mna magamba ya viumbe wadogo kuliko punje ya chumvi, na kila aina ina maji inayoyapenda. Alilinganisha walio hai juu ya tope na waliokufa katika tabaka za chini, akajua bahari ilikuwaje kabla ya miji, na leo imebadilika kiasi gani.

Mwaka 2009 aliolewa na kaka yangu, Ian Wamalwa, hapa Kabuchai. Krismasi ya kwanza alikuja na chupa za matope, akaziweka chini ya kitanda. Mama yetu, Roselyne, akaziona akifagia. Kwetu mtu haleti udongo wa mbali nyumbani. Husemwa ni uchawi. Wazee wakaitwa, na ikabaki kidogo arudishwe kwao.

"Hii mchanga ni ya kaburi ya nani?" Mama akauliza.

"Ni kaburi kweli, Mama, lakini ya wanyama wadogo wa bahari. Kuja uone."

Phelista akaweka mezani hadubini aliyokuja nayo. Mama alichungulia mpaka chai ya wazee ikapoa.

"Ati! Na hii imejizungusha kama konokono, ilikuwa inakula nini?"

Wazee wakajiendea. Tangu hapo simu za kutoka Mombasa zilikuwa za Mama; Ian alisalimiwa tu.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya damu, akatibiwa Eldoret. Alimsumbua daktari hadi akaonyeshwa damu yake mwenyewe kwenye hadubini. Alituacha tarehe 9 Februari 2025, na inatuuma sana.

Ameacha mume wake Ian, watoto wao Kim na Nekesa, wazazi wake, na Mama Roselyne.

Jana wachimba kaburi walipouliza mahali, Mama alisimama kando ya nafasi aliyojichagulia kuzikwa siku yake ikifika. "Chimbeni hapa, karibu na yangu," akasema. "Huyu msichana bado niko na maswali ya kumuuliza."

Nakhungu, ulale salama mikononi mwa Mungu.