Bi. Husna Shekiondo na Mteremko wa Kwemziu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Husna Shekiondo, Mkuu wa Dawati la Maadili ya Utafiti, atastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Utafiti wa Milima kwa miaka thelathini na moja. Mhariri wa jarida hili aliniomba wasifu mfupi na wenye kuchangamsha. Nilipomwendea Bi. Husna kuomba picha, alinipa picha, kisha akaniambia, "Happiness, usiandike kwamba nilikuwa mchapakazi. Kila anayestaafu huandikwa hivyo. Andika ya Kwemziu." Wasomaji wanisamehe, basi. Uchangamfu utakuwa mwanzoni tu.

Alizaliwa Mlola, milimani Lushoto, binti wa mkulima wa maharage na kabichi, akasoma hadi Chuo Kikuu, na huko akachagua falsafa. Aliporudi na shahada, mjomba wake alimwita mbele ya ukoo na kumuuliza, "Mwanangu, hiyo falsafa inatibu nini?" Anasema hadi leo hajapata jibu la kumridhisha mjomba. Kituo nacho hakikujua kimweke wapi. Wakati ule palikuwa na watu wa udongo, watu wa miti, watu wa maji, na watu wa panya waliofuatilia ugonjwa wa tauni. Nafasi ya mwanafalsafa haikuwepo. Akapewa maktaba.

Huko maktabani alisoma kazi za kila idara, hata zile ambazo wenzetu wa idara hizo hawakuwa wamezisoma. Ukimpelekea rasimu ili akusahihishie lugha, ilirudi lugha imesahihishwa, na pembeni pameandikwa "Kwa nini?" Watu wa panya wakambandika jina la Bi. Kwa Nini. Walilipiza kisasi kwa kumwalika maabara siku ya kupasua panya. Kwa panya wa kwanza alisimama imara. Kwa yule wa pili alishuka sakafuni taratibu, kama kanga iliyoteleza kwenye kamba. Alipozinduka aliuliza kama panya alisikia maumivu.

Ilipoanzishwa Idara ya Sera, yeye ndiye aliyebuni mazungumzo ya Alhamisi, idara zote chumba kimoja, chai na viazi vya kuchemsha. Alikuwa akisema kwamba mlima mmoja hauwezi kuwa na wataalamu wasiosalimiana. Nakumbuka Alhamisi moja mtu wa maji alieleza kwa nini vijito vinavyotoka msitu wa Magamba vinapungua, na mtu wa sheria akaeleza kwa nini faini hazijawazuia kina mama kuingia msituni. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Bi. Husna akauliza ni nani kati yao amewahi kupika chakula cha watoto wakati kuni zimekwisha. Tukacheka sote, nao wawili wakaishia kuandika utafiti mmoja pamoja.

Sasa Kwemziu.

Kilikuwa kitongoji juu ya Mlola. Nyumba za matofali ya udongo, mifereji ya kumwagilia, migomba, na nyuma ya migomba makaburi ya wazee. Juu ya hayo yote palikuwa na mteremko mkali uliolimwa hadi kileleni, kwa sababu watu waliongezeka na ardhi haikuongezeka. Dk. Stephano Kaniki, mtaalamu wetu wa udongo wa wakati huo, alichimbia vigingi kwenye mteremko huo na kuvipima kila baada ya mvua. Mradi ulikuwa wa idara tatu. Stephano alipima, Bwana Rubeni Hoza, bosi wangu katika Idara ya Sera, aliandaa ushauri kwa mamlaka, na Bi. Husna, ambaye alikuwa ameshatolewa maktabani na kupewa dawati la maadili, aliangalia haki za wenyeji. Mimi nilikuwa mgeni kazini, naandika mihtasari ya vikao.

Masika yalipokaribia, vigingi vilionyesha kwamba ardhi yote ya juu inashuka. Ufa ulikuwa umetokea katikati ya shamba la viazi, mrefu, kijani pande zote mbili. Rubeni akaiandikia ofisi husika akishauri watu wahamishwe. Jibu likaja kwamba eneo la kuwahamishia halijapatikana, na hadi lipatikane taarifa zisitolewe kwa wananchi, zisije zikazua taharuki.

Kikao cha siku ile sijakisahau. Mkurugenzi wa wakati huo alimtaka Stephano aseme ana uhakika kiasi gani.

"Kwamba mlima unasogea, nina uhakika," Stephano alisema. "Lini utaanguka, sijui. Pengine masika haya, pengine mwakani. Pengine utatulia."

Rubeni akasema, "Na ukimwambia mtu aondoke bila kumpa pa kwenda, umemfukuza tu. Atarudi. Nimeona mara ngapi?"

Wote wakamgeukia Bi. Husna, maana zamu ilikuwa ya maadili.

"Stephano anasema kweli, Rubeni naye anasema kweli," alisema. "Lakini tofauti yetu na wao ni moja. Sisi tunaujua huu mteremko na hatukai chini yake. Wao wanakaa chini yake na hawaujui. Tumeupima kwenye mashamba yao. Hatuna haki ya kuufungia kabatini."

Mkurugenzi alifunga kikao kwa kusema maagizo ni maagizo. Kesho yake Bi. Husna aliomba ruhusa ya siku moja, akapanda basi la Mlola.

Kilichofuata alinisimulia mara moja tu, miaka mingi baadaye. Kule Kwemziu alikuwa na shangazi, Bi. Latifa, mdogo wa baba yake, mjane aliyeishi kwa kulima maharage. Alianzia kwake. Alimkuta anapepeta, akampa shikamoo, akakaa chini kwenye gunia, akamweleza yote kwa Kishambaa, taratibu, kama alivyoyaelewa. Bi. Latifa aliendelea kupepeta mpaka mwisho.

"Umesema mlima utaanguka," akasema. "Lini?"

"Sijui, shangazi."

"Niende wapi?"

"Hilo nalo sijui. Njoo kwangu Lushoto."

"Na hawa wengine nao waje kwako?"

Bi. Husna aliinama akaanza kuokota punje za maharage zilizodondoka chini.

"Basi umeniletea nini, mwanangu?"

"Nimekuletea ninachokijua. Sina kingine."

Bi. Latifa aliweka ungo chini. Kisha akasimama, akajitanda kanga yake, akamwambia wakaitishe watu. Mkutano ulifanyika uwanjani, nje ya msikiti. Bi. Husna alirudia maneno yaleyale, pamoja na yale ya kutojua. Wapo waliomzomea. Wapo waliomuuliza kama serikali inataka mashamba yao. Hata hivyo karibu nusu ya kaya ziliondoka, wengine kwa ndugu zao bondeni, wengine kwenye madarasa ya shule ya msingi iliyokuwa likizo. Bi. Latifa aliondoka nao, akiwa na ungo, kuku wake na mbegu.

Wiki ile mvua, iliyokuwa imeanza kunyesha, ikakatika. Lilitoka jua ambalo watu wa Mlola walisema hawajawahi kuliona wakati wa masika. Huku nyuma tumbili walikula maharage, na mbuzi wakaibwa kwenye nyumba zisizo na watu. Wale waliobaki wakawapachika walioondoka jina la wakimbizi wa vigingi. Ofisi husika iliuliza ni nani aliyetoa taarifa. Bi. Husna alisema ni yeye, akasimamishwa kazi. Gari la Kituo lilipopita Mlola lilirushiwa matope, na wanaowafahamu Washambaa watajua kwamba hayo si mazoea yetu kwa wageni.

Shule zikakaribia kufunguliwa. Mwalimu mkuu, kwa unyenyekevu kabisa, aliwaomba waliolala madarasani watafute pengine. Mahali pengine hapakuwepo. Wakaanza kurudi, kaya moja, kisha mbili, kisha kundi zima. Bi. Husna, ambaye sasa hakuwa na ofisi, aliwafuata njiani akiwasihi. Bi. Latifa alimshika mkono akamwambia, "Husna, nimechoka kulala kwenye nyumba ya daftari. Sikukatai. Nimechoka tu." Akapanda mlima na kuku wake.

Mvua ilirudi baada ya Idi, ikanyesha siku kadhaa bila kupumzika. Mlima ulishuka asubuhi, watu wakiinjika chai. Waliokuwa Mlola sokoni walisema walisikia kama lori kubwa linapanda, wakashangaa, kwa sababu barabara ile lori halipandi.

Tulifika mchana, Stephano, Rubeni, mimi na wengine wa Kituo. Bi. Husna alikuwa ameshafika, anachimba na wanakijiji kwa jembe, na palipodhaniwa kuna mtu chini waliacha majembe wakachimba kwa mikono. Pale palipokuwa na nyumba palikuwa na udongo mwekundu tu, laini, unaotoa harufu ya shamba lililotoka kulimwa. Stephano alisimama pembeni ameshika kigingi chake kimoja kilichoshuka na mlima. Baadaye mwaka ule aliacha kazi, na sote tulielewa.

Bi. Latifa alipatikana siku ya pili. Wanawake wa ukoo walimwosha, na Bi. Husna alikuwa mmoja wao. Anasema udongo ulikuwa umeingia kwenye nywele, na ilichukua maji mengi.

Mazishini palikuwa na mwanamke mmoja, Bi. Hidaya, aliyekuwa miongoni mwa walioondoka. Yeye na watoto wake walibaki bondeni kwa dada yake; mume wake alirudi juu kuangalia maharage, na akafa huko. Alimjia Bi. Husna mbele za watu.

"Ungesema ni lini," alimwambia, "ningemzuia. Ningeshika mguu wake. Ulituambia nusu."

Bi. Husna aliinamisha kichwa. Angeweza kusema kwamba hiyo nusu nyingine hakuna aliyekuwa nayo duniani. Nilikuwa karibu yake, na nashuhudia kwamba hakusema.

Eneo la kuwahamishia watu wa Kwemziu lilipatikana baada ya maziko. Barua ya kumrudisha Bi. Husna kazini ilikuja ikiwa fupi, haina pole wala samahani. Alirudi. Wengi tulidhani atarudi maktabani anyamaze, na nadhani hata yeye alilifikiria. Badala yake aliingia kwenye mazungumzo ya kwanza ya Alhamisi akapendekeza jambo: kwamba hakuna mradi utakaoanza kwenye ardhi au miili ya watu kabla hatujakubaliana nao mambo matatu. Wataambiwa nini, na nani, kwa lugha gani. Wataambiwa lini, hata kama hatujawa na uhakika. Na baada ya kuambiwa, watakwenda wapi. Rubeni, aliyekuwa akibishana naye kwa miaka, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono. Leo tunauita utaratibu wa Kwemziu, na vituo vingine vimeuchukua.

Utaratibu huo uliwaudhi wengi humu ndani, nisiwafiche. Uliuchelewesha utafiti wa damu kule Shume hadi wakulima wa viazi walipohakikishiwa kwamba atakayekutwa na ugonjwa atapata dawa, si kuandikwa tu. Uliuzuia kabisa mradi mmoja wa msitu ambao haukuwa na jibu la swali la tatu. Kuna wenzetu waliokosa ufadhili na hawamsalimii Bi. Husna hadi leo. Kijana mmoja wa idara ya maji aliwahi kumpongeza kwenye korido kwamba ameokoa maisha ya watu. Alimjibu kwa upole, "Utaratibu haufukui mtu, baba. Wale wa Kwemziu bado wamekufa."

Alitaka kamati ya maadili iwe na mwakilishi wa wanakijiji, na akamfuata Bi. Hidaya kwenye makazi mapya. Bi. Hidaya hakuitikia salamu yake. Mwaka uliofuata alikwenda tena, na mwaka uliofuata pia. Mara ya nne Bi. Hidaya alimkaribisha kwenye kigoda, akampa kikombe cha chai na kusema, "Nitakuja kwenye hicho kikao chenu. Siji kwa sababu nimekusamehe. Naja ili mwingine asiambiwe nusu." Amekaa kwenye kamati hiyo miaka mingi sasa, kiti cha pili kutoka kwa Bi. Husna. Hawajawa marafiki. Lakini mtafiti anayeingia mbele ya wanawake hao wawili huingia amejiandaa, na sijawahi kuwaona wakitofautiana katika uamuzi.

Dawati la Maadili litachukuliwa na Bi. Rahabu Mntangi, ambaye wengi mnamfahamu. Bi. Husna anarudi Mlola, kwenye shamba la baba yake. Magoti yanamsumbua, hivyo atalima kidogo na kusoma sana, na ameniambia kwamba mjomba wake bado yu hai na bado anasubiri jibu.

Nilimuuliza kama anaondoka akiwa na amani. Alifikiri, kama afanyavyo kwa kila swali, kisha akasema kwamba hapana, lakini anaondoka akiwa hajaficha kitu. Mvua ikinyesha mfululizo huwa anaamka na kukaa kitandani akisikiliza mpaka kunapopambazuka, na hilo halijabadilika tangu mwaka ule.

Bi. Husna, wafanyakazi wenzako wa udongo, miti, maji, panya na sera tunakushukuru kwa kila ulipotuuliza swali tusilolitaka. Tunakutakia afya njema, mavuno ya kutosha, na maisha mema huko Mlola. Na masika yakifika, tunakuombea upate usingizi.

Happiness Singano
Idara ya Sera