Mama Anastasie na Wanaolala Chini ya Vitanda

Mama Anastasie Mave ameitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja, na tarehe 31 Machi anastaafu. Mkurugenzi aliniagiza mimi, Mireille, sekretari wa Pavioni ya Tatu, niandike wasifu wa furaha kwa programu ya sherehe ya kumwaga, niseme mama wa watu anakwenda kupumzika. Samahani, Mkurugenzi. Haendi kupumzika. Nyumbani anamwuguza mumewe, Papa Gérard, mwenye kansa ya tumbo, na kwa miezi mitano hakumwambia mtu, sembuse kukubali mkono wa mtu. Yeye aliyetufundisha sote kwamba anayeuguza naye ni wa kuangaliwa, ndiye leo asiye na wa kumwangalia. Ameniruhusu kuandika haya. Alisema niandike, ila nisipambe.

Alianza Aprili 1994 katika kufua mashuka. Alikuja na mikono ya kazi na sauti ya kufukuzia mbuzi shambani. Muuguzi mmoja wa zamani alizoea kusema kwamba Mama Anastasie akiita mtu getini, wagonjwa watatu wanafunga mizigo wakidhani wameruhusiwa kwenda nyumbani. Vita vilipoingia mjini mwaka 2003 alifua mashuka ya damu mpaka sabuni ikaisha, kisha akafua kwa majivu. Hapendi kuulizwa juu ya siku zile. Ukimwuliza, naye anakuuliza kama kazi yako imekwisha.

Mwaka 2012, baada ya mafunzo ya miezi sita, alipewa kazi ya kuangalia familia katika Pavioni ya Tatu, ile wodi ya watu wa kansa. Kwa wageni watakaosoma programu hii: kwetu hospitali inampa mgonjwa kitanda, na dawa zikiwepo. Mengine yote ni ya gardimaladi, yaani ndugu aliyekuja naye, anayempikia uani, anayemwogesha, anayemfulia, na anayelala sakafuni chini ya kitanda chake. Hapa Bunia hatuna mashine ya kuichoma kansa kwa miali. Wenye bahati wanafika Kampala. Wengine wanabaki nasi, na gardimaladi wanabaki nao, miezi sita, miezi tisa, mpaka mwisho.

Kucheka kulikuwapo pia, tusiseme uongo. Papa Osée, mchimba dhahabu kutoka upande wa Mambasa, alimleta mkewe, na yeye mwenyewe hajawahi kushika mwiko maishani. Bugali yake ya kwanza wanawake waliinywa kwa vikombe. Mama Anastasie alisimama naye jikoni wiki nzima, akimcheka mbele ya watu, mpaka ikashikana. Mwezi wa tatu Papa Osée ndiye aliyekuwa akiwagombeza wanawake wageni kwamba maji yao hayajachemka. Mwezi wa tano mkewe akafa. Alikwenda na maiti bila kuaga, na Mama Anastasie hakumlaumu.

Lakini wasifu unaoruka makosa ni tangazo la biashara tu, na yeye mwenyewe hukasirika tukiliruka kosa lake. Basi niliseme.

Mwaka 2018 alifika binti aitwaye Plamedi na mama yake, Mama Joséphine, wakitokea Djugu walikokimbia vita na nguo za mwilini tu. Mama alikuwa na kidonda cha titi. Plamedi alikuwa na miaka thelathini na minne na hakulalamika hata siku moja. Mama Anastasie alimpenda, wacha! Kila Jumatano, alipowakusanya magardimaladi uani kuwagawia sabuni, alimsimamisha mbele yao: "Muangalie Plamedi. Huyu hachoke!" Watu walipiga makofi, na wakajifunza kufunga midomo. Nani angethubutu kusema mgongo unamuuma mbele ya Plamedi? Mimi nilipiga makofi pamoja nao.

Mama Joséphine alizikwa mwezi wa sita. Wiki mbili baadaye Plamedi alikuja kurudisha beseni la hospitali. Akamvuta Mama Anastasie pembeni, akafungua blauzi. Titi lake mwenyewe lilikuwa limekwisha kupasuka. Lile donge alilijua tangu mwezi wa pili wa kumwuguza mama yake. Alisema kama angelionyesha tungempa kitanda, na mama angebaki na nani? Tena angeanzia wapi kusema amechoka, yeye aliyesifiwa kila Jumatano kwamba hachoki?

Jameni, neno lile lilimwingia Mama Anastasie likakaa. Plamedi hakuwa na gardimaladi, ndugu zake walikuwa wametawanywa na vita. Mama Anastasie alichukua konji yake yote ya mwaka, na ilipokwisha akaomba likizo bila mshahara, akatandika mkeka chini ya kitanda cha Plamedi, akampikia buyi, uji mwepesi, akamwogesha, mpaka Novemba alipomfumba macho. Hatukumsikia akipaza sauti kwa muda mrefu baada ya hapo.

Aliporudi kazini alipiga marufuku sifa. Ole wako umwambie gardimaladi kwamba ana nguvu kama chuma. Angekutoa nje ya pavioni, uwe mchungaji uwe daktari. Kisha akaleta utaratibu wake. Hakuna mgonjwa anayelazwa Pavioni ya Tatu bila majina mawili ya gardimaladi kwenye fishi yake, kadi ya matibabu: wa kwanza, na wa kumpumzisha wa kwanza. Familia zililia kwamba hazina mtu. Alikaa nazo kwenye benchi, akachambua mmoja mmoja: shangazi je? Mama wa kwaya je? Jirani wa kambi ya wakimbizi je? Mtu wa pili hupatikana, alisema, watu wanaona haya tu kumwomba.

Na kila Jumatano asubuhi, tangu mwaka 2019, wagonjwa wanangoja na wanaouguza ndio wanaopimwa: kilo, presha, matiti nyuma ya pazia, na swali la Mama Anastasie mwenyewe, umelala kwa saa ngapi. Wakubwa walinung'unika kwamba tunapoteza vipimo kwa watu wazima wa afya. Aliwaacha wanung'unike. Kwa miaka sita tumewagundua magardimaladi kumi na mmoja wenye ugonjwa mkubwa ambao wao wenyewe walikuwa wameunyamazia. Saba wako hai. Wanne hawako, nao tunawataja kila mwaka.

Sasa nije kwa yule ambaye hakumpima.

Tangu Oktoba alikuwa akituambia bwana yake ana palu. Palu ya miezi mitano! Nasi, watu wa hospitali, tunaoijua malaria kama tunavyojua majina ya watoto wetu, tukaitikia: pole, Mama, atapona. Tulimwona akikonda tukasema ni Kwaresima. Mungu atusamehe.

Jumamosi ya tarehe 15 Machi nilipanda moto, yaani pikipiki, hadi kwake mtaa wa Mudzi-Pela, saa tisa mchana, kuomba picha ya programu hii. Sikuwa nimemwambia kwamba nakuja. Mlango ulikuwa wazi. Papa Gérard, mwalimu wa zamani, mtu mrefu aliyezoea kuinama mlangoni, alikuwa amelala kwenye godoro sebuleni, amebaki macho na mifupa. Mama Anastasie alikuwa pembeni yake, amesinzia ameketi, kichwa ukutani. Kipande cha kitambaa cha kikwembe kilikuwa kimefunga mkono wake na mkono wa mumewe, ili mgonjwa akitikisika kidogo tu, yeye aamke.

Papa Gérard alijiwekea kidole mdomoni, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Usimuamushe, Mireille. Miye najua kwenye niko naenda. Lakini huyu, akiendelea hivi, watatuzika wote wawili siku moja."

Alipoamka alinigombeza kama mwizi. Mambo ya nyumba yake si ya kuwekwa kwenye programu, alisema, na picha nikaitafute kwingine. Nami nikakasirika, sifichi. Nilimwuliza jina la pili katika nyumba hii ni la nani. Watoto wao wawili wako mbali, mmoja Kisangani, mwingine Kampala, na nilijua vizuri kwamba hakuna mwingine. Wanasema mganga hajigangi. Sawa, lakini huyu mganga amekuwa akiwakalisha watu kwenye benchi kwa sababu walileta jina moja!

Alilifungua lile fundo mkononi mwake, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwa Plamedi. Alisema si kiburi. "Ninaogopa nikilala kwa chumba ingine, akufe na miye siko." Amefumba macho ya watu wengi wasio wake, alisema, na kama huyu wa kwake ataondoka yeye akiwa usingizini, hatajua namna ya kujisamehe. Nilikaa chini pale kando ya godoro.

Jumatano iliyofuata, tarehe 19, tulipokuwa tukipima wanaouguza, alikuja akakaa kwenye benchi, mwisho wa mstari, kama yeyote. Watu walidhani amekuja kusimamia. Gracia, muuguzi atakayeendesha Jumatano baada yake, alimwita kwa jina lake lote. Kilo kumi na moja zimekwenda. Presha kumi na tisa, ya kumwangusha mtu, na hakuwa na habari. Matiti salama, Mungu asifiwe. Gracia alimwuliza amelala kwa saa ngapi. Mama Anastasie akasema mbili, akaona haya, akasahihisha: moja na nusu.

Kisha Gracia alifungua fishi ya Papa Gérard, kwa maana sasa Papa Gérard ana fishi kwetu, na dawa za maumivu anazipata kila zinapofika. Kwenye mstari wa kwanza aliandika Anastasie. Mstari wa pili ulikaa mtupu muda mrefu, kalamu ikingoja, na watu wote wa benchi wakiangalia sakafu. Mwishowe Mama Anastasie alisema, "Andika Mireille." Sauti ile iliyokuwa ikisikika getini ilitoka ndogo, hata Gracia akamwomba arudie.

Basi kila Jumanne usiku, kuanzia tarehe mosi Aprili, ni zamu yangu kwa Papa Gérard. Ijumaa ni ya Camille wa maabara. Wengine wanne wa pavioni wameandika majina yao chini ya yetu, na ninawaomba wanaosoma haya wasijiandikishe leo kwa sababu ya ngoma na soda za sherehe, kisha wapotee mwezi wa sita. Mwezi wa sita ndipo tutakapowahitaji.

Mama Anastasie, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa mashuka ya siku mbaya, kwa wale saba walio hai, na kwa Plamedi ambaye hukumwacha. Tunakushukuru kwa kukubali kukaa kwenye benchi, maana tunajua ilivyokugharimu.

Kwenye mwisho wa karatasi kama hii mstaafu hutakiwa maisha mema na mapumziko marefu. Wewe hukuturuhusu kamwe kuidanganya familia ya mgonjwa, na sasa familia ni wewe. Papa Gérard hatapona, na miezi inayokuja itakuwa mibaya. Kwa hiyo tunakutakia usingizi, Mama. Tunakutakia chumba cha pili, mlango umefungwa, na saa nne kamili za kulala. Na akiondoka wakati umelala, hataondoka peke yake: mmoja wetu atakuwa amemshika mkono, na huyo ndiye atakayekuja kukuamsha.