Isale la Mwinjilisti Nathanaeli

Leo tunamsindikiza Mwinjilisti Nathanaeli Akyoo, na wasifu huu hautamvika kilemba cha ukoka. Mwenyewe alikataza.

Alizaliwa Nkoaranga tarehe 9 Agosti 1952, mtoto wa kwanza wa mzee Abdiel. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, na kila masika alimvusha mdogo wake Mikaeli mtoni kwa mgongo. Mikaeli alikuwa mzito tena mlalamishi, lakini hakudondoshwa hata siku moja.

Alipomaliza chuo cha Biblia, mwaka 1977, alianza kufundisha darasa la ubatizo Usa River, na miaka miwili baadaye akamwoa Elizabeth. Darasani hakuanza na Amri Kumi. Alianza na misumari. "Dini hii ilianza na mtu aliyeuawa mchana kweupe, watu wanatazama," aliwaambia wanafunzi, kisha akachora ubaoni Yerusalemu, Misri, Ethiopia, Roma, hadi mlima wetu Meru. Hakuwaficha kwamba njiani Wakristo waliteswa, wakapata nguvu, nao wakatesa wengine, wakachinjana hata wao kwa wao. "Lakini pale msalabani Yesu alisema, Baba, uwasamehe. Asiyeliweza neno hilo, maji ya ubatizo yatamlowesha tu."

Yeye mwenyewe lilimshinda. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 1994, alikuta Mikaeli amepanda masale kwenye kaburi la baba yao. Kwetu Wameru, isale hupandwa makaburini, tena ni jani la kuombea msamaha, na anayepelekewa hapaswi kulikataa. Nathanaeli aliona ni upagani tu. Akachukua panga, akayafyeka yote. Mikaeli akamkaba koo, wakagaragazana juu ya kaburi, damu puani na mdomoni, mpaka panga likashuka. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Mikaeli vilibaki udongoni. Mama yao aliviokota, akavifunga kwenye pindo la khanga yake.

Mikaeli akahamia mtaa wa Sakina, mjini. Kwa miaka thelathini na moja ndugu hao hawakusalimiana, hata siku walipomzika mama.

Februari mwaka huu, mwanafunzi mmoja, Prisca, alisimama darasani. "Samahani, mwalimu. Lile neno la msalabani, wewe na mdogo wako mmeliweza?"

Mwalimu alifunga Biblia, akaenda nyumbani bila kumaliza kipindi. Mwezi Juni kiharusi kilimwangusha. Ulimi ulipofunguka kidogo, alimtuma binti yake Magreth aende Sakina na isale.

Mikaeli alilitazama jani lile. "Ya baba aliyafyeka yote. Hili amelitoa wapi?"

"Kaburini kwa babu, baba mdogo. Yalichipuka."

Mikaeli alilipokea. Lakini kinyongo cha miaka mingi hakiishi kwa siku moja. "Mwambie nitakuja Jumapili," akasema.

Nathanaeli alifariki Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025, kitanda chake kikiwa kimegeuzwa kuelekea mlangoni, kama alivyoomba.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na mdogo wake Mikaeli, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii, ameishika kwa vidole vitatu. Amemsamehe. Alichelewa siku moja, na siku hiyo inamuuma kuliko lile panga.

Apumzike kwa amani kaka aliyemvusha mtoni.