Mama Albina, Chai ya Kikao na Kitalu cha Mererani

Ifikapo tarehe 31 Desemba 2008, Mama Albina Mselle atakuwa ametimiza miaka tisa katika ofisi yetu ya mizigo hapa Sanyuanli, na siku hiyo anastaafu. Majirani wa ghorofa ya juu wameuliza kama ni kweli ile sauti inaondoka jengoni. Ni kweli.

Alikuja Guangzhou kununua nguo za kuuza Moshi. Alipoleta mzigo kwetu aliona tunavyofunga maboksi, akatugombeza wote, na bosi akamwajiri palepale. Tangu hapo hakuna kontena lililotoka kwenda bandari ya Huangpu bila yeye kulikagua. Moja alilikagua mno, akasahau ndani chupa yake ya chai, ikasafiri hadi Dar es Salaam. Mteja alipoirudisha, aliiosha, akaitumia siku hiyohiyo, kisha akatulaumu sisi.

Lakini wengi mtamkumbuka kwa kazi ambayo hakuajiriwa kuifanya. Wateja wetu kadhaa ni watoto wa watu waliomiliki vitalu vya madini. Baba anafariki, kampuni iliyokodi kitalu inaendelea kuchimba, na mrabaha wa familia unalala tu kwa sababu warithi hawajakaa kikao cha ukoo kumteua msimamizi wa mirathi. Watakaaje, ndugu mmoja yuko Mwanza na mwingine anachagua mikoba soko la Shiling, huku Guangzhou? Mama Albina aliwakalisha kwa simu ya ofisi, spika ikiwa juu, yeye akiwa mwenyekiti wa koo zisizomhusu hata kidogo. Ajenda ya kwanza siku zote ilikuwa chai, huku kwetu na kule upande wa pili wa simu. Alidai mtu hawezi kumtukana ndugu yake akiwa na chai ya moto mdomoni.

Goodness wa Geita, ambaye kaka zake walimwambia binti hana fungu kwenye dhahabu, alitoka kikaoni akiwa yeye ndiye msimamizi. Hata Pierre wa Kolwezi, Kongo, ambaye sheria za kwao ni nyingine kabisa, alikuja na kilio chake kwamba faili la baba limekwama na kaka mkubwa hamsikilizi: "Mama, dossier ya papa iko bloquée, na grand frère hapendi kunisikia." Alipewa kikombe, akapewa na simu.

Sasa tuseme lile ambalo ofisi nzima inalijua. Mama Albina naye ana kitalu. Marehemu baba yake alikiacha Mererani, na mrabaha wake haujaguswa tangu msiba, maana kampuni haitoi kitu mpaka yeye na kaka yake Joachim wakubaliane. Msibani Joachim alitamka mbele za watu kwamba dada aliyeolewa afuate mali ya mumewe. Hawakusemezana tena. Kila tulipomwuliza kwa nini haitishi kikao chake, alitujibu kama wauza mikoba wanavyotujibu sokoni: "Meiyou!" Hakuna. Mtu aliyepatanisha nusu ya Kongo alishindwa kubonyeza namba moja tu, ya kaka yake. Tulimcheka sana, na tulimwonea huruma zaidi ya tulivyomcheka.

Wiki iliyopita simu ililia. Alikuwa Joachim, amesikia dada yake anarudi nyumbani. Spika ilikuwa juu, kwa mazoea, nasi tukajifanya tunafunga maboksi.

"Albina, nimezeeka," alisema. "Siku ile nilisema vibaya. Njoo tukae. Fungu lako ni sawa na langu."

Tukasubiri meiyou. Hugues, mpakiaji wetu, akaacha kukata tepu.

"Chai atapika nani?" Mama Albina akauliza.

"Nitapika mimi."

Mama Albina, ahsante kwa kutugombeza na kwa kutupatanisha. Tutakukosa, na usitufanye turudie kusema hivyo. Tunakutakia safari njema, afya tele na kikao kirefu. Chupa yako tumeiweka kwenye begi la mkononi. Ijaze mwenyewe kabla ya kufika kwa kaka, maana atakuwa amepika chai kwa mara ya kwanza maishani, na hata iwe mbaya, hiyo yake lazima uinywe yote.