Kifaru wa Mpingo na Sababu Zake

Asalamu aleikum, na ndugu zangu wa kanisani, hamjambo. Kovu hili mkononi ni la panga. Nalionyesha mapema, msije mkadhani nilianza kisomo kwa kupenda vitabu.

Nilikuwa nauza vinyago langoni pa hoteli moja, Diani. Asubuhi moja akaja muuzaji mwenzangu, jina nalimeza.

"Mama, ondoka. Hapa pangu."

"Sogea wewe, unanizibia wateja."

Akanikata hapa. Damu ikawarukia twiga wangu wote wa mbao. Alipoinua panga tena, nikanyakua kifaru wa mpingo, yule mzito asiyetakiwa na mzungu yeyote, nikampiga naye yule bwana mdomoni. Meno mawili yakaanguka mchangani. Niliyahesabu mara mbili, mazoea tu.

Meneja, mgeni asiyejua Kiswahili, akataka kila mmoja aandike kwa Kiingereza yaliyotokea. Mwenye kosa angefukuzwa langoni na kupelekwa polisi. Ndugu zangu, nawaambia, mimi niliandika kama ninavyouza. Sisi wa vinyago hutaja bei tukanyamaza. Ukianza kujieleza, umeshashuka. Nikaandika: Nilimpiga kwa kifaru. Meno yalitoka. Alinikata. Nauza hapa. Mwenzangu alijaza ukurasa mzima wa sababu, zote za uongo.

Meneja akaona kwamba nimeanza mimi, na mwenzangu alijitetea tu. Nikatiwa rumande na bandeji yangu. Dada yangu akanitoa kwa dhamana, akanileta hapa Msambweni, kwenye kisomo hiki cha Kiingereza. Mwalimu, huyo aliyeketi hapo, akaisoma nakala ya karatasi yangu.

"Mama, ulimpiga kwa nini?"

"Si aliinua panga!"

"Mbona hukuandika?"

"Sababu nimpe bure?"

Mwalimu akaipiga meza, chaki zikaruka. "Yule hanunui kwako, anakuhukumu! Ukimpa kifaru peke yake, ataona kifaru peke yake. Panga na kifaru vifunge kamba moja!"

Akanifundisha kufunga. "When", "because", "although". Nilifuta, nikalia, nikamtukana Mwingereza na ukoo wake. Mwishowe nikarudi kwa meneja na sentensi moja ndefu: nilipokataa kuondoka alinikata mkono, na kwa sababu aliinua panga tena, nilimpiga kwa kifaru kabla hajanifikia shingo.

Meneja akasoma, akamwita askari wa lango.

"Nani alianza? Nani aliinua panga?"

"Yule bwana. Nililiona, bosi. Hukuniuliza."

Meneja mwenyewe akaenda kueleza polisi. Kesi ikafutwa, nafasi yangu nikarudishiwa.

Mwalimu, shikamoo na ahsante. Dada, nawe ahsante; usinikumbushe ile dhamana mbele za watu. Nanyi mnaoanza leo, fungeni tendo na sababu yake, msimwachie mwingine awafungie.

Juzi mgeni aliuliza mbona kifaru ana ufa kwenye pembe. Nikamweleza kwa Kiingereza, yote, kwa sentensi moja. Akarudi nyuma kidogo, akamnunua kwa bei ya kwanza niliyotaja.