Treni ya Moshi Lazima Inywe Maji Kwanza

Ilikuwa Jumamosi ya mwaka themanini na sita pale Kiganjo, mlima uko wazi na baridi inauma masikio. Kijiwe cha kahawa ya Salim kiko nje ya stesheni, benchi moja tu ya mbao. Siku hiyo watu walingoja treni ya moshi, ile iliyostaafishwa zamani, ambayo wapenda mambo ya kale wa Nairobi walikuwa wameikodi iwapeleke Nanyuki na kuwarudisha jioni, ikivuta mabehewa ya enzi za ukoloni yaliyopakwa rangi upya. Athman, anayeitwa Fayamani kwa sababu alilisha injini hizo moto miaka ishirini na miwili, hakutulia. Mara akae, mara ainuke, mara aguse tikiti mfukoni. Binti yake Chiku alikuwa amewanunulia yeye na mkewe daraja la kwanza, kila mtu na tikiti yake. Mkewe, Mwanaisha, aliyeahidiwa safari hii tangu harusi, alikwisha kutangulia stesheni na chapati zake.

Honi ikalia kule kwenye kona, ndefu, na moshi ukaonekana juu ya mabati.

— Fayamani, gari yako hiyo! Kimbia! — akasema Ngatia, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimiki.

— Nikimbilie nini? Treni ya moshi ikifika Kiganjo lazima inywe maji kwanza. Dakika ishirini na tano. Sisi tulikuwa tunaosha uso, tunakunywa chai, abiria wanamaliza uji, ndio tunatoka. Salim, ongeza kahawa.

Lakini kusema kweli, Athman aliliogopa hilo behewa la daraja la kwanza.

— Na hawa watu wanataka nini na gari mzee hivi? — Redio akauliza.

— Diseli imeisha nchini, — akajibu Kingori, yule Bunge, anayepinga kila hoja. — Wanatuzoesha moshi pole pole.

— Wapi! — Redio akasema. — Mzungu akitoka hapa alishonea dhahabu ndani ya viti. Sasa watoto wake wamekuja, ati wanapiga picha, kumbe wanapapasa viti!

— Dhahabu fundi angekuwa ametoa zamani, — Bunge akapinga. Mimi nimesikia iko behewa moja haifunguliwi. Ndani kuko na D.O. wa kitambo, yule Mzungu wa kutawala wilaya. Anangoja kuambiwa uhuru imeisha.

Wakacheka mpaka Salim akamwaga kahawa. Athman akacheka pia, kisha akasema kwa sauti ya chini:

— Hizo viti nazijua. Nilikuwa napita hapo kando na mikono ya mafuta. Sijawahi kukalia hata moja.

Wangechi, karani mpya wa posta, alikuwa akitoka upande wa stesheni, ambako treni ilikuwa imeshasimama. Akasimama, akawaangalia.

— Mzee, si wewe pia unasafiri?

— Nasafiri. Wacha inywe maji.

— Itakunywa wapi? Tangi si iling'olewa?

Wote wakageuka. Pale tangi liliposimama palikuwa na vigingi vinne vya simiti na sukuma wiki ya mtu. Athman mwenyewe alikuwepo siku lilipong'olewa, akarudi nyumbani akalala bila kula. Lakini leo aliposikia honi, yote yalimtoka kichwani.

— Labda itakunywa Nanyuki, — Redio akasema.

— Imebeba maji yake, — Wangechi akasema. — Behewa nzima, imefungwa nyuma ya injini.

Honi ikalia tena, fupi, mara mbili. Hiyo ya kuondoka Athman hakuhitaji kuelezwa.

Akatimua mbio na koti lake la harusi, akapita lango, akafika treni ikiwa imeshashika mwendo. Behewa la daraja la kwanza likampita, jekundu, linang'aa. Dirishani alikuwa Mwanaisha, amesimama, na kiti kando yake hakina mtu.

— Baba Chiku! — akaita, si kwa hasira. — Kwani hukutaka tuende?

Athman akafungua mdomo. Alitaka. Wallahi alitaka. Behewa la mwisho likapita, na mdomo wake bado uko wazi.