Siku Sajini Alipolia

Ndugu zangu, Yesu apewe sifa yake. Mniruhusu niseme nikiwa nimekaa, maana goti langu la kushoto limechoka kuliko mimi. Nilimwambia mchungaji kwamba ushuhuda wangu ni wa mbwa. Akacheka, kisha akasema njoo tu, Mama Poni. Basi nimekuja, na anayetaka kucheka acheke sasa, amalize.

Wengi wenu hapa Lobule mlimjua Sajini, yule mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limekatika. Mume wangu alimleta kutoka Arua akiwa mdogo, ndani ya begi lake la jeshi, akampa cheo ambacho yeye mwenyewe hakukipata. Tulicheka sana na jina hilo. Kisha serikali ikaanguka, na sisi watu wa nyumba za askari tukawa wa kuwindwa. Tukakimbilia kwenye nyasi, upande wa mpaka wa Kongo.

Mnakumbuka habari ya mbwa wakati ule. Mmoja akibweka, wote waliojificha wamekwisha. Watu waliwanyonga mbwa wao kwa kamba, na mimi siwalaumu. Mume wangu alikataa. Akamfundisha Sajini kwamba ukimwekea kiganja juu ya pua na mdomo, taratibu, anyamaze. Hata ukimkanyaga, anyamaze. Siku askari wa serikali mpya walipopita njiani, karibu mpaka tunanusa sigara zao, nilikuwa nimelala kifudifudi, kiganja changu kipo pale. Kando yangu alikuwa jirani yetu Mzee Ismaili na watoto wake, anaomba dua kwa midomo tu. Sajini hakutoa hata pumzi ya kusikika. Wakapita.

Mume wangu alikufa kwa homa humohumo kwenye nyasi, kabla hatujavuka. Tulimzika bila kilio. Ninyi ni watu wa hapa, mnajua maana yake: mwanaume mzima anawekwa ardhini na hakuna mwanamke anayepiga yowe. Nilijisokotea ncha ya kitenge mdomoni, nikasema nitalia tukifika. Tukafika Kongo, kukawa na njaa, na mwanangu Poni mgongoni anataka maziwa ambayo sina. Tukarudi, kukawa na nyumba ya kujenga upya. Kilio kikakosa nafasi. Nikawa mtu wa kuchoka tu, ndugu zangu. Nalala nimechoka, naamka nimechoka, hata hapa kanisani naimba nimechoka.

Tukazeeka wote, mimi na Sajini. Halafu uvimbe ukamtoka tumboni. Ulikuwa kama limau, nikasema utapita. Ukawa kama papai. Alipokuja mtu wa mifugo na baiskeli yake kutoka Koboko kuchanja ng'ombe, nikamwomba amtazame. Akampapasa, akatikisa kichwa. Akasema dawa ya kuponya hana, ana sindano ya kumpumzisha tu, na siku ya kumchoma nitaichagua mimi. Nikamuuliza nitaijuaje siku. Akasema mbwa akizidiwa na maumivu hulia. Akilia, nimwite.

Basi nikawa nasubiri kilio. Na nikaomba, nisiwafiche. Nilifunga kwa ajili ya mbwa! Wifi yangu akasema nimechanganyikiwa, Mungu ana watoto wa watu wa kuponya. Nilimwacha aseme. Kila jioni nikitoka shamba nilikaa na Sajini kwenye ukuta wa jikoni, nikimlambisha uji wa mtama kwa kidole. Uji ukimshinda, namwekea kiganja usoni, juu ya pua, kumbembeleza. Alinitazama tu. Hakulia. Nikasema asante Bwana, haumii, siku bado. Mbavu zake zilikuwa za kuhesabika, miguu haimbebi, lakini hakulia, na mimi nilishikilia hilo hilo. Katika nyumba yangu, waliomkumbuka mume wangu tulibaki mimi na yeye. Poni alikuwa mchanga mno baba yake alipokufa.

Aliyekuja ni Mzee Ismaili. Kwa dini yake hamgusi mbwa. Miaka yote alisimama mbali na Sajini, wanasalimiana kwa macho. Jioni ile alivuka ua, akaja mpaka karibu, akachuchumaa.

"Mama Poni," akasema, "hii mbwa iko nalia kila siku. Wewe ukienda shamba, iko nalia mpaka mimi natoka nje. Ikisikia miguu yako, inanyamaza."

Nikamwambia haiwezekani, nakaa naye kila jioni, hajalia hata mara moja. Alitazama mkono wangu.

"Toa mkono, mama. Askari wamepita zamani."

Ndugu zangu, nilitazama kiganja changu. Kilikuwa palepale, juu ya pua na mdomo, vilevile kama siku ile kwenye nyasi. Nilidhani nambembeleza, kumbe nilikuwa namwamuru! Na yeye, mgonjwa vile, alikuwa anatii. Niliona aibu, na niliumia.

Nikakiondoa. Nikakiweka nyuma ya lile sikio lililokatika, nikamwambia tumefika, Sajini, tumeshafika. Kwanza hakuamini. Halafu akalia. Sitawaigizia kilio kile. Kilikuwa kirefu, na kilipoanza hakikuwa na mwisho, na mimi nikafungua mdomo nikalia naye. Nilimwita mume wangu kwa jina. Nilipiga yowe la msiba, lile lenyewe nililoahirisha. Wanawake wakaja mbio wakiuliza nani amekufa. Nikawaambia mume wangu, mume wangu amekufa. Wakanitazama, wakaelewa. Wakakaa chini na mimi wakalia, hata wifi yangu.

Asubuhi Mzee Ismaili akapanda baiskeli mwenyewe kumwita mtu wa mifugo. Sindano ilipoingia, yeye ndiye aliyeshika miguu ya nyuma. Baadaye akanawa kwa udongo na maji kama dini yake inavyomtaka. Sajini alikwenda polepole, mkono wangu ukiwa nyuma ya sikio, mdomo wake haujashikwa na mtu. Tulimzika kando ya ua.

Najua shuhuda nyingi hapa huishia mgonjwa ameinuka. Wangu hakuinuka. Niliomba uponyaji, nikanyimwa, na hilo nalisema mbele ya mchungaji. Lakini Bwana alinifungua mimi, ambaye hata sikuwa nimejiombea. Bado nimechoka, ila sasa ni uchovu wa mtu aliyemaliza kazi yake. Nikilala, nalala mpaka jogoo.

Namshukuru Mungu kwa mume wangu, kwa Mzee Ismaili, na kwa mbwa yule. Na wewe uliyekaa hapo nyuma, kitenge mdomoni tangu enzi za nyasi, nakujua, tulikuwa wote. Mtumaini Bwana. Yeye hatafuti watu waliojificha ili awaumize. Toa mkono, ndugu yangu. Lia. Sisi tutakaa chini na wewe.